Uzamili wa Kufundisha Sayansi na Hisabati: Mtandaoni, Wikendi Nchini, au Kuondoka Darasani kwa Muda?

Walimu wengi wa fizikia, kemia, baiolojia na hisabati katika shule za sekondari za Uganda wamefika mahali ambapo shahada ya kwanza haiwatoshelezi kujibu maswali wanayokutana nayo kila siku darasani. Mtaala mpya wa ngazi ya chini ya sekondari, ulioanza na kidato cha kwanza mwaka 2020 na kufikia mtihani wake wa kwanza wa UCE, yaani mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2024, unamtaka mwalimu asimamie miradi ya wanafunzi, apime umahiri badala ya kumbukumbu peke yake, na awasilishe alama za tathmini ya shuleni zinazochangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho. Wakati huohuo, tangu mwaka wa fedha wa 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada aliyeajiriwa na serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi kabla ya makato, na kwa sababu hiyo ada ya uzamili imekuwa jambo ambalo baadhi yao wanaweza kulipangia bajeti. Kinachowakwamisha ni uchaguzi wa njia, kwa kuwa njia ni zaidi ya moja na kila moja inasifiwa na waliopita humo.

Ulinganisho huu unahusu njia tatu. Ya kwanza ni shahada ya uzamili inayosomwa yote mtandaoni kutoka chuo cha nje, hasa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, katika elimu ya sayansi, ya hisabati, au ya STEM kwa ujumla, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati zikifundishwa kwa kuunganishwa. Ya pili ni uzamili wa elimu katika chuo cha Uganda, kama vile Makerere au Kyambogo, kwa mpangilio unaomwezesha mwalimu kubaki kazini: vipindi vya jioni, vya mwisho wa wiki au vya likizo, pamoja na kazi zinazowekwa kwenye mfumo wa mtandao wa chuo. Ya tatu ni kuomba likizo ya masomo na kusoma muda wote, ama Kampala, ama katika nchi jirani. Mfano ulio karibu ni kampasi ya Rukara ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ambako mradi wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri ulisaidia kuanzisha kituo kinachoshughulikia ufundishaji na ujifunzaji wa hisabati na sayansi pekee.

Vigezo vinavyostahili kutangulia

Kabla ya kutazama jina la chuo au picha za majengo yake, ni vyema mwalimu aamue atapima kwa mizani ipi. Ninapendekeza vigezo sita: kutambuliwa kwa shahada hapa nchini, yaliyomo katika kozi na uhusiano wake na silabasi tunayofundisha, gharama yote pamoja na namna ya kulipa, muda pamoja na umeme na intaneti, utafiti na usimamizi wake, na mahali ambapo shahada itamfikisha mwalimu baada ya kuhitimu. Havina uzito sawa. Kwa maoni yangu kigezo cha utafiti ndicho kinachoamua kama miaka miwili au mitatu ya kusoma itaacha alama yoyote katika shule ya mwalimu, na ndicho ambacho waombaji wengi hawakiulizii hata kidogo wanapojaza fomu.

Kutambuliwa kwa shahada

Mamlaka inayohusika ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa chini ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001. Baraza hilo huidhinisha programu za vyuo vya ndani, na pia hutathmini shahada zilizopatikana nje ili kuamua zinalingana na ngazi gani hapa.

Anayechagua chuo cha nje ahakikishe kwanza kwamba chuo hicho kinatambuliwa katika nchi yake chenyewe. Vyuo vya England, iliyo sehemu ya Uingereza, vimo katika rejesta ya wazi ya msimamizi wao wa elimu ya juu. Vya Marekani huidhinishwa na mashirika ya ithibati yanayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, na orodha yake hupatikana bila malipo. Kuna taasisi zinazouza shahada kwa majina yanayofanana sana na ya vyuo maarufu, na dalili yake kubwa ni ahadi ya kuhitimu kwa miezi michache kwa kuzingatia uzoefu wa kazi pekee. Mwalimu aandike barua kwa NCHE akitaja chuo, jina kamili la programu na kwamba itasomwa mtandaoni, kisha asubiri jibu la maandishi kabla ya kulipa hata awamu ya kwanza.

Njia ya ndani nayo inahitaji uangalifu uleule. Ithibati ya programu hutolewa kwa kipindi maalumu, na mwaka 2023 kulikuwa na mjadala mkubwa nchini baada ya kubainika kwamba programu nyingi za vyuo mbalimbali zilikuwa zikionyeshwa katika orodha ya Baraza kuwa muda wake umepita. Kwa hiyo umaarufu wa chuo haumwondolei mwombaji wajibu wa kutafuta jina la programu yake katika orodha hiyo na kusoma tarehe.

Kwa anayekwenda nchi jirani mambo ni mepesi kidogo. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limekuwa likioanisha viwango. Hata hivyo hatua ya kupeleka vyeti NCHE inabaki palepale.

Yaliyomo katika kozi

Hapa tofauti ni kubwa kuliko majina ya kozi yanavyoonyesha. Kozi nyingi za Marekani zenye neno STEM zimejengwa juu ya viwango vipya vya sayansi vilivyotolewa huko mwaka 2013, ambavyo vinataka usanifu wa kihandisi ufundishwe pamoja na sayansi yenyewe. Mwalimu wa Uganda anaweza kufaidika sana na fikra hiyo, kwa kuwa shughuli za kujumuisha zilizomo katika silabasi za NCDC, kituo cha taifa cha kukuza mitaala, zinamtaka mwanafunzi atumie maarifa kutatua tatizo halisi la jamii yake, na huo ni mwelekeo unaokaribiana. Lakini kazi atakazopewa zitamtaka aandae masomo kwa viwango vya huko, kwa madarasa ya wanafunzi 25, kwa shule zenye umeme usiokatika. Ni juu yake kufanya kazi mara mbili: kwanza kumridhisha mhadhiri wake, kisha kuyageuza yote yafae darasa lake.

Kuna mtego mwingine katika kozi za Marekani ambao ni lazima utajwe. Baadhi ya programu za uzamili katika elimu ya sayansi za sekondari zimeunganishwa na leseni ya ualimu ya jimbo fulani, na hivyo zinadai mazoezi ya kufundisha katika shule za jimbo hilo pamoja na mitihani ya leseni. Leseni hiyo haina kazi kwa mwalimu aliyekwisha kusajiliwa Uganda, na mazoezi hayo hawezi kuyafanya akiwa Lira. Programu inayomfaa ni ile isiyo na leseni ndani yake, na ni lazima aulize jambo hili waziwazi, kwa sababu kurasa za matangazo mara nyingi huzitaja aina zote mbili kwa pamoja.

Kozi za Uingereza kwa kawaida huwa na krediti 180, na 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Za Marekani huwa na krediti 30 hadi 36, na si zote zenye tasnifu. Nyingi zinasisitiza kile ambacho Lee Shulman alikieleza mwaka 1986, kwamba kulijua somo na kujua kulifundisha somo hilohilo ni maarifa mawili tofauti, na kwamba hilo la pili lina elimu yake maalumu. Mwalimu anayejua kemia vizuri lakini haelewi kwa nini wanafunzi wake huchanganya kuyeyuka na kuyeyushwa kwenye maji atakuta kozi hizi zinamjibu.

Njia ya ndani ina faida ambayo haionekani kwenye matangazo: wahadhiri wanazijua shule zetu, wengine wamewahi kusahihisha mitihani ya UNEB, bodi ya taifa ya mitihani, na majadiliano darasani huanzia mahali mwalimu alipo. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya programu za uzamili wa elimu ni za jumla mno, zikielemea uongozi, mitaala na saikolojia, huku sayansi ikiguswa kwa moduli moja au mbili. Mwombaji aombe orodha ya moduli na ahesabu ngapi zinahusu ufundishaji wa somo lake.

Njia ya kusoma muda wote ndiyo inayompa mwalimu nafasi ya kukaa maabara. Hili halina mbadala kamili. Programu za kuiga majaribio, kama zile za bure za PhET zilizoanzishwa na Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, zinaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti, na kwa somo la saketi za umeme zinafundisha vizuri ajabu. Lakini anayetaka kujifunza kutengeneza vifaa vya maabara kwa kutumia malighafi za sokoni, au kurekebisha galvanomita iliyokaa kabatini miaka mingi, anahitaji meza, koleo na mtu aliyesimama karibu naye.

Gharama na namna ya kulipa

Mwalimu apige hesabu kwa mshahara anaoupokea mkononi. Kwa viwango vya kodi vya kawaida ambavyo vimetumika miaka hii, milioni 4 hukatwa takribani milioni 1.1 za kodi ya mapato, na kubaki karibu milioni 2.9 kabla ya mkopo wa SACCO na makato mengine. Tuseme ada ya chuo cha nje ni dola 9,000 kwa kozi nzima na dola moja ni shilingi 3,600: jumla ni shilingi milioni 32.4, yaani mshahara wote wa mkononi wa miezi zaidi ya kumi na moja bila kula wala kulipia watoto shule. Hizo ni tarakimu za mfano tu, ila hesabu yenyewe kila mwombaji aifanye kwa tarakimu za chuo chake, akiongeza ada ya benki ya kutuma fedha nje na uwezekano wa shilingi kushuka katikati ya kozi.

Kinachopunguza uchungu huo ni kwamba vyuo vingi vya mtandaoni huruhusu kulipa moduli moja baada ya nyingine, na kwamba kuna ufadhili. Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza ina ufadhili wa masomo ya masafa uliokusudiwa hasa kwa raia wa nchi zinazoendelea za Jumuiya hiyo, Uganda ikiwemo, na unalipia ada ya uzamili unaosomwa mtu akiwa nyumbani na kazini. Hutolewa kwa kozi zilizoorodheshwa tu, kwa hiyo mwombaji aanzie kwenye orodha ya kozi hizo kabla ya kuchagua chuo. Kwa upande mwingine, mikopo ya serikali inayotolewa na bodi ya mikopo ya wanafunzi hapa nchini imelengwa stashahada na shahada ya kwanza. Asiyekuwa na ufadhili asiitegemee.

Njia ya ndani ina ada ndogo zaidi, inayolipwa kwa shilingi na kwa muhula. Ila gharama yake ya kweli imo barabarani. Mwalimu wa Mukono au Mpigi anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwalimu wa Arua, aliye karibu kilomita 500 kutoka Kampala, analipa basi la usiku, chakula na malazi kila anapoitwa, na baada ya mihula minne fedha hizo huweza kukaribia ada yenyewe. Kwake mpangilio wa likizo una nafuu kubwa kuliko wa wikendi.

Kusoma muda wote ni rahisi sana pale mtu anapopata ufadhili kamili na mwajiri akaendelea kumlipa wakati wa likizo ya masomo. Bila hayo mawili ni njia ya gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu mshahara unaokosekana nao ni gharama. Mwalimu wa shule binafsi afikirie pia kwamba nafasi yake huenda isimsubiri.

Muda, umeme na intaneti

Neno mtandaoni linaficha aina mbili za kusoma. Kuna kozi ambazo mihadhara yake imerekodiwa na mwanafunzi huisikiliza apendapo, akitakiwa tu kuwasilisha kazi kwa tarehe. Na kuna zile zinazotaka watu wote wawe darasani kwa wakati mmoja. Kipindi kinachoanza saa kumi na mbili jioni New York ni saa saba au saa nane usiku Kampala, kutegemea msimu. Mwalimu mwenye kipindi cha kwanza saa mbili asubuhi hataweza kuvumilia hayo kwa miaka miwili. Uingereza ni afadhali: saa kumi na mbili jioni kwao ni saa mbili au saa tatu usiku kwetu. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na chuo chake cha UNISA kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. Lakini uzamili wake katika eneo hili umeelemea utafiti, kwa hiyo unamfaa anayejua tayari anataka kuchunguza nini.

Data za simu zinatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, mbali na kodi ya ongezeko la thamani, na video za mihadhara hula bando haraka. Ipo nafuu moja ambayo walimu wengi hawaijui: vyuo vingi vya nje ni wanachama wa eduroam, huduma ya kimataifa ya Wi-Fi ya vyuo, na mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo kama hicho anaweza kutumia jina na nywila yake ya chuo kuingia kwenye intaneti ya eduroam popote ilipo, ikiwemo katika vyuo vya Uganda vilivyounganishwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda. Mwalimu wa Gulu au Mbarara anaweza kupakua mihadhara ya mwezi mzima Jumamosi moja akiwa chuoni na kuitazama nyumbani bila kutumia bando.

Upo pia msukosuko ambao chuo cha nje hakiwezi kuufikiria kabla ya kuambiwa. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwanafunzi wa mtandaoni aulize mapema, kwa maandishi, sera ya chuo kuhusu kuongezewa muda pale intaneti au umeme unapokatika kwa sababu zisizo zake, na ahifadhi jibu hilo. Anayesoma Makerere au Kyambogo yuko katika nchi ileile na wahadhiri wake, na hahitaji kueleza.

Kuhusu uchovu, njia mbili za kwanza zinalingana: zote zinachukua jioni na siku za mapumziko. Tofauti ni kwamba kozi ya wikendi inamtoa mwalimu nyumbani kabisa, na ya mtandaoni inamwacha nyumbani lakini ikitegemea kwamba familia itaheshimu mlango uliofungwa. Mama mwenye watoto wadogo anaweza kukuta kwamba siku mbili za Kampala kwa mwezi ni nyepesi kuliko saa mbili za kila usiku zinazokatizwa mara kumi. Mwingine ataona kinyume chake.

Utafiti na msimamizi

Chukua mfano wa mwalimu wa kemia wa kidato cha tatu mwenye wanafunzi tisini na bureti sita, yaani mirija ya kioo yenye vipimo ya kupimia vimiminiko. Anataka kuchunguza kwa nini wanafunzi wake hupoteza alama katika titresheni, jaribio la kupima ni kiasi gani cha kimiminiko kinahitajika kukamilisha mmenyuko, ilhali wanajua kanuni. Anakusanya daftari za maabara na kuona kwamba wengi wameandika 23.4 pale ambapo mtihani unadai 23.40, kwamba wengine wamesoma ukingo wa juu wa kimiminiko badala ya sehemu ya chini ya mpindo, na kwamba safu ya usomaji wa kwanza na wa mwisho imejazwa kwa mwandiko mmoja katika kundi zima, ishara kwamba mmoja alisoma na kumi na wanne walinakili. Hapo tayari kuna utafiti wa uzamili, na umo ndani ya kabati lake.

Msimamizi wa Kampala ataelewa daftari hizo kwa kuzitazama mara moja. Anajua kwa nini sifuri ile ya mwisho ina alama, anajua makundi ya watu kumi na watano yanavyofanya kazi, na atamwelekeza mwalimu haraka kwenye swali linaloweza kujibiwa kwa muhula mmoja. Msimamizi wa Leeds au Chicago hatayaona hayo, na miezi ya kwanza itakwenda katika kumweleza. Lakini ni yeye anayeweza kuuliza swali ambalo sisi tumeacha kuliuliza kwa kulizoea: kwa nini watu kumi na wanne wasimame wakimtazama mmoja, na je, zamu zingepangwaje ili kila mkono uguse bomba? Kila msimamizi huleta jicho lake, na mwalimu achague jicho analolihitaji. Nimeona thamani ya yote mawili na siwezi kusema moja linazidi.

Faida kubwa ya njia mbili za kwanza, ambayo njia ya tatu haina, ni kwamba mwalimu anabaki na wanafunzi wake muda wote wa kozi. Anachosoma Jumatano anaweza kukijaribu Ijumaa na kuona kama kinafanya kazi. Aliyeondoka kwenda kusoma muda wote atarudi shuleni kukusanya takwimu kwa wiki chache, mara nyingi katika darasa la mwenzake. Anachopata badala yake ni wasimamizi anaoonana nao uso kwa uso, maktaba, na wenzake wanaosoma jambo moja naye. Katika programu nzuri, mazungumzo ya jioni na walimu wa Zambia au Burundi wanaokabiliana na madarasa yaleyale makubwa ni sehemu halisi ya masomo.

Taratibu za maadili zinahitaji muda kuliko watu wanavyodhani. Utafiti unaohusu watu hapa nchini unatakiwa upitiwe na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Wanafunzi wa sekondari wakiwa ni watoto, kunahitajika ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe, na barua ya mkuu wa shule. Mwanafunzi wa chuo cha ndani hupitia mkondo mmoja ambao wasimamizi wake wanaujua. Mwanafunzi wa chuo cha nje hupitia mikondo miwili, kwa kuwa chuo chake nacho kina kamati yake, na kila kamati inaweza kudai marekebisho yanayomrudisha kwa nyingine. Anayetaka kuhitimu kwa wakati aanze taratibu hizi mara tu mada inapokubaliwa, na katika bajeti yake atenge fedha za ada za mapitio.

Jambo la mwisho katika kigezo hiki: aulize aina ya kazi ya mwisho. Makerere, kwa mfano, ina mpango unaoishia kwa tasnifu na mwingine ambao uzito wake uko zaidi katika kozi za darasani na kuishia kwa ripoti au mradi. Kozi nyingi za Marekani za mtandaoni huishia kwa mradi wa vitendo bila tasnifu. Mradi unatosha kabisa kwa mwalimu anayetaka kubaki darasani akifundisha vizuri zaidi. Anayewaza shahada ya uzamivu ajue kwamba milango mingi humdai tasnifu.

Baada ya kuhitimu

Mshahara wa mwalimu wa serikali hufuata cheo alichoteuliwa na Tume ya Utumishi wa Elimu, na cheti cha uzamili peke yake hakiubadilishi mwisho wa mwezi. Humsaidia pale nafasi ya juu inapotangazwa. Katika hilo shahada iliyotambuliwa na NCHE ni shahada, iwe ya mtandaoni au ya darasani.

Kwa anayetaka kufundisha walimu watarajiwa, katika vyuo kama Busitema kampasi ya Nagongera, Muni, Mbarara au Gulu, ambavyo vyote vinaandaa walimu wa sayansi, utafiti uliofanyika katika shule za Uganda na wasimamizi wanaojulikana nchini humpa msingi mzuri. Shule za kimataifa za Kampala na ajira za nje huelekea kuipa uzito shahada ya Uingereza au Marekani.

Kwa hali yako

Mwalimu anayeishi mbali na Kampala, mwenye ufadhili au uwezo wa kulipa moduli kidogo kidogo, anayejiamini kuandika Kiingereza cha kitaaluma na mwenye nidhamu ya kusoma peke yake, atafaidika na njia ya mtandaoni, mradi achague kozi isiyo na leseni ya jimbo na isiyomwamsha usiku wa manane. Ajitafutie pia mshauri wa hapa nchini, hata asiye rasmi, mapema kabla ya hatua ya utafiti. Vyuo vingine vya nje vinaruhusu msimamizi wa pili kutoka nchi ya mwanafunzi, na ni swali la kuuliza kabla ya kujiandikisha.

Anayeishi Kampala na wilaya zinazoizunguka, au anayelipa kila shilingi mwenyewe, au ambaye anajifunza vyema akizungumza na wenzake, aanze kwa kuangalia vyuo vya ndani. Programu ikiwa ya jumla mno, aiombe idara imruhusu kuelekeza kazi zake zote, hadi tasnifu, kwenye somo lake. Mwalimu wa mikoani anayependelea chuo cha ndani aulize kwanza kama kuna mpangilio wa likizo.

Mwalimu kijana asiye na familia ya kutunza, aliyethibitishwa kazini na mwenye mkuu wa shule aliye tayari kumwandikia barua ya likizo ya masomo, ana sababu nzuri ya kuomba nafasi ya muda wote, hasa kama lengo lake ni uzamivu au kuendeleza maabara. Aulize kama ufadhili uliowanufaisha waliomtangulia bado upo, kwa kuwa miradi ya wafadhili huwa na mwisho.

Mwenye stashahada anayeona matangazo haya na kutamani ngazi ya uzamili moja kwa moja, aanze na shahada ya kwanza; sera ya taifa ya walimu ya mwaka 2019 inaidai kwa kila mwalimu.

Na kwa yule ambaye baada ya yote haya bado anasita kati ya mbili, namshauri aandike ukurasa mmoja tu kuhusu tatizo moja la darasani kwake analotaka kulichunguza, autume kwa mratibu wa kila programu, na aulize ni nani hasa angeweza kumsimamia. Majibu yatatofautiana kwa urefu, kwa kasi na kwa umakini, na atakuwa na kitu cha kulinganisha ambacho hakuna tangazo linaloweza kumpa.